Ka 6 ya Mbao Juu ya Milima ya Rhön

Ukilivua bawa la Ka 6, glaida ya mbao, kitambaa chake cha zamani, unakutana ana kwa ana na kazi ya mafundi usiowajua. Mataruma membamba ya msonobari yamepangwa toka shina la bawa hadi nchani, yameshikanishwa kwa vipande vya plaiwudi nyembamba mno, na juu ya baadhi yake kuna namba zilizoandikwa kwa penseli. Fundi alikuwa anajihesabia asije akachanganya. Namba zile ziliandikwa miaka ya 1960 katika kiwanda cha Poppenhausen, kijiji kilicho chini ya mlima Wasserkuppe, katikati ya Ujerumani. Nilikaa nazo karakanani msimu mzima wa baridi. Mwezi Mei tuliipeleka ndege ile juu ya mlima huohuo ikiwa imefufuliwa, na nikairusha. Nataka kueleza tulichokifanya, na kwa nini naamini ndege za namna hii zinastahili kuendelea kuruka.

Kwa asiyezijua: glaida ni ndege isiyo na injini. Huvutwa na winchi kutoka mwisho wa uwanja, au hukokotwa na ndege yenye injini, kisha kamba inaachiwa na rubani anabaki na hewa peke yake. Tangu hapo ndege inashuka muda wote, polepole. Ili ukae juu, sharti utafute hewa inayopanda kwa kasi kuliko unavyoshuka wewe. Kuna hewa inayosukumwa juu na upepo unapogonga ubavu wa mlima, na kuna mikondo ya hewa moto inayonyanyuka kutoka ardhini jua likishachoma mashamba na mapaa. Mwenye subira na jicho zuri anaweza kukaa hewani kutwa nzima.

Mimi ni mtoto wa Tanga, naishi jimbo la Hesse. Klabu niliyojiunga nayo inaendeshwa kwa msaragambo, na klabu nyingi za huku ni hivyohivyo: kiangazi tunarusha, msimu wa baridi kila mwanachama anadaiwa saa za kazi karakanani. Hakuna anayepaa peke yake. Lazima awepo wa kushika ncha ya bawa, wa kuendesha winchi, wa kuandika saa za kuondoka na kutua, na wa kuisukuma ndege kuirudisha kwenye mstari. Nilivutwa na jambo hili kabla hata sijajua kupiga kona hewani.

Ka 6 ilibuniwa na Rudolf Kaiser, mhandisi wa kiwanda cha Alexander Schleicher, na iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955. Mwaka 1958, kwenye mashindano ya dunia yaliyofanyika Leszno, Poland, ilipewa tuzo ya glaida bora ya daraja la kawaida, lile la mabawa ya mita 15. Heinz Huth akachukua nayo ubingwa wa dunia mwaka 1960 mjini Köln, akaurudia mwaka 1963 kule Junín, Argentina. Ya kwetu ni aina ya CR. Kwa kila mita moja inayoshuka katika hewa tulivu, inakwenda mbele karibu mita 30. Glaida za sasa za faiba zenye mabawa ya urefu uleule zinapita mita 45. Kwa hiyo soko limezisahau: leo Ka 6 nzima, pamoja na trela lake, inaweza kupatikana kwa bei ya pikipiki. Nyingi zimeoza ndani ya matrela nyuma ya mabanda. Hii yetu nayo ilikuwa njiani kwenda huko.

Tuliipata kwa mwanachama mzee aliyeacha kurusha. Kwa nje ilionekana nzima. Rangi ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba, kitambaa cha pamba kimechoka kiasi kwamba kidole kingeweza kukitoboa, lakini umbo lilikuwa limenyooka. Hofu yote katika ndege ya mbao iko ndani, mahali pasipoonekana. Mbao za ndege hizi ziliunganishwa kwa gundi. Wajerumani walitumia sana gundi iliyoitwa Kaurit, nzuri kabisa ikikaa pakavu, lakini ikipigwa na unyevu na joto kwa miaka mingi inakuwa kavu na kukatika vipande. Bawa linaweza kung'aa kwa nje huku viungo vyake vimekwisha kuachana.

Tuliondoa kitambaa chote. Tukaingiza kioo kidogo na tochi kwenye kila tundu, tukapita kiungo baada ya kiungo. Mkaguzi wetu, mtu aliyezeeka katika kazi hii, alikuwa akigonga plaiwudi kwa ncha ya ukucha na kusikiliza. Mlio mkavu unamwambia mbao zimeshikana, mlio uliolegea unamwambia kuna nafasi. Kwenye shina la bawa la kushoto alisimama, akagonga tena, akanipa mimi nigonge. Maji yalikuwa yamedondoka toka paa la trela, mahali pamoja, pengine kwa miaka. Plaiwudi ilikuwa imetengana tabaka kwa tabaka, na ukingo wa taruma lililokuwa chini yake umekuwa mweusi.

Jioni ile nilimpigia mjomba wangu video. Ni fundi wa majahazi huko Pangani, na msumeno wa kwanza kuushika maishani mwangu ulikuwa wake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Hamjambo huko kwenye barafu?"

Nilimwonyesha lile doa kwa kamera. Hakuuliza ndege ilikuwa ya nani wala inakwenda wapi. Alisogeza simu karibu na uso, akanyamaza kidogo.

"Hapo maji yamelala. Usije ukabandika kitu juu yake. Kata, endelea kukata mpaka ukutane na mti mzima, ndipo uunge."

Mkaguzi alikuwa ametuambia neno lilelile mchana. Tukakata.

Kuunga plaiwudi ya ndege ni kazi ya mshazari. Huweki kipande kikakutana na kingine ukingo kwa ukingo. Unachonga kingo zote mbili ziwe mteremko mrefu, kwa kawaida mara 12 hadi 15 ya unene wa ubao wenyewe, ili gundi ipate eneo pana la kushika na nguvu ipite taratibu toka ubao wa zamani kwenda mpya. Plaiwudi ya milimita moja na nusu inadai mteremko wa karibu sentimita mbili, na mteremko huo unauchonga kwa kibao chenye msasa, huku tabaka za ubao zikijitokeza mistari kwa mistari. Mistari ikiwa imenyooka, umechonga sawa. Ikipinda, kuna bonde. Nilipenda kazi hii kuliko zote. Mwanga wa taa unapolala juu ya mistari ile unauona ukweli wa mkono wako bila kuambiwa na mtu.

Gundi tuliyotumia ni ya rangi ya zambarau iliyokolea, ya kuchanganywa kwa mizani. Karakana lazima iwe na joto la kutosha usiku kucha, na mbao zipimwe unyevu kabla. Kila tunapochanganya gundi, tunagundisha pia vipande viwili vya mbao pembeni, tunaviandika tarehe, na ikishakauka tunavivunja. Vikiachana kwenye gundi, kazi yote iliyofanywa na gundi ile inarudiwa. Vikivunjika kwenye mti, na nyuzi za mbao zikabaki zimeng'ang'ania pande zote mbili, tunaendelea. Vipande vile vilivyovunjwa vimo ndani ya kisanduku, vimefungwa pamoja na karatasi za ndege. Atakayeifungua baada ya miaka 30 ataviona.

Baada ya mbao ikaja zamu ya kitambaa. Pamba ya zamani tuliiacha, tukachukua kitambaa cha poliesta kilichoidhinishwa kwa ndege. Unakibandika kwenye mataruma kikiwa kimelegea kidogo, halafu unakipitia kwa pasi ambayo joto lake limepimwa, mara ya kwanza joto la chini, kisha la juu zaidi. Mikunjo inatoweka mbele ya macho yako. Kilipokaza sawasawa, ukikipiga kwa kidole kilikuwa kinalia kama ngoma, na kila aliyeingia karakanani alikuwa anakipiga. Ikafuata dawa ya kukijaza, tabaka juu ya tabaka, kwa brashi. Rangi ya mwisho tuliipaka nyembamba, kwa sababu gramu zina maana: eleroni, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege upande, na mkia vikizidi uzito uliopangwa, vinaweza kuanza kutikisika vyenyewe kwenye mwendo mkubwa mpaka vikavunja ndege. Kila kimoja kilipimwa kabla hakijafungwa mahali pake.

Mwisho tuliweka ndege nzima kwenye mizani, moja chini ya gurudumu na nyingine chini ya mkia, tukakokotoa mahali uzito unapoegemea. Kwa rubani mwepisi kama mimi hesabu hii ni ya kuangaliwa sana. Uzito wangu pamoja na parashuti ulikuwa pungufu kidogo ya kima cha chini, hivyo mabamba ya metali ya risasi yalifungwa mbele ya kiti. Mkaguzi akatia sahihi. Safari ya kwanza ya majaribio ilikuwa fupi, jioni tulivu, uwanjani kwetu. Ndege ilikwenda imenyooka mikono yangu ikiwa imeacha kijiti cha kuiongozea, na hilo ndilo nililotaka kulijua.

Kwa nini Wasserkuppe? Kwa sababu hapo ndipo mchezo huu ulipojifunza kutembea. Ni mlima wa mita 950, mrefu kuliko yote ya Hesse, na mto Fulda unaanzia ubavuni mwake. Kileleni hakuna miti mingi, mteremko umetazama magharibi kunakotoka upepo. Wanafunzi wa Darmstadt walikuwa wakiruka hapo na glaida zao tangu 1911. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Mkataba wa Versailles ukawabana Wajerumani kwenye ndege za injini, na vijana waliotaka kuruka wakahamia kwenye zisizo na injini. Oskar Ursinus, mhariri wa gazeti la usafiri wa anga, akawaita wote mlimani mwaka 1920. Mwaka ule safari iliyoshangaza watu ilikuwa ya Wolfgang Klemperer: mita 1,830, dakika 2 na sekunde 22. Miaka miwili tu baadaye, Agosti 1922, Arthur Martens alikaa hewani zaidi ya saa nzima kwa glaida ya Vampyr iliyoundwa na wanafunzi wa Hannover, na siku chache baada yake Friedrich Hentzen akapitisha saa tatu. Kila nikilisoma hilo napata msisimko. Ndani ya miaka miwili, watu wale walitoka kwenye kuteremka na kufika kwenye kuelea.

Bado walikuwa wanaishi kwa upepo wa mlimani tu, wakihesabu hewa ya mbali na mteremko kuwa si ya kutegemewa. Mwaka 1926 Max Kegel alinyakuliwa na wingu la radi akiwa mlimani hapo, akarushwa juu, akatua kilomita 55 kutoka alipoanzia. Baada ya hapo watu wakaanza kuwinda hewa ya mawinguni kwa makusudi. Mwaka 1929 Robert Kronfeld, Mwaustria, akawa wa kwanza kuvuka kilomita 100. Kronfeld alikuwa Myahudi. Wanazi waliposhika nchi mwaka 1933 wakaufanya mchezo huu kuwa chuo cha kuandaa marubani wao wa vita, naye akaishia kukimbilia Uingereza. Nikipita kwenye jumba la makumbusho ya glaida kule juu huwa namtafuta yeye kwanza. Mtu mweusi anayerusha kutoka mlima ule leo anapaswa kujua ni nani aliyewahi kuambiwa kwamba anga lile si lake.

Tulifika mlimani na matrela manne, siku moja baada ya kupita kwa mvua za baridi kutoka kaskazini-magharibi. Marubani hupenda siku za namna hiyo: hewa imesafishwa, ardhi ina jua, na juu kuna ubaridi wa kuivuta hewa moto. Ipo hesabu tunayoipiga kila asubuhi. Chukua joto la bondeni linalotarajiwa mchana, toa kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewa huanza kugeuka maji, zidisha mara 125. Siku ile ilikuwa nyuzi 18 na nyuzi 4, yaani 14, kwa hiyo kitako cha mawingu kingekaa kama mita 1,750 juu ya bonde. Kwa Ujerumani ya kati hiyo ni siku nzuri sana. Kufika saa tano mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kuchipua juu ya Gersfeld, mji ulio chini ya mlima, madogo, meupe, yenye tumbo bapa.

Ndege ya kukokota iliniachia mita 600 juu ya uwanja. Kwenye Ka 6 unasikia mambo ambayo kwenye faiba hayakufikii. Plaiwudi inalia kidogo inapoingia kwenye hewa iliyochafuka, kitambaa kinavuma, na mkondo unapogusa bawa moja kabla ya jingine, kiti chenyewe kinakueleza. Variometa, ile saa inayoonyesha kupanda na kushuka, inachelewa kidogo nyuma ya hisia hizo. Bawa la kulia lilinyanyuliwa, nikageukia kulia, na sindano ikapanda mita moja kwa sekunde, halafu mbili.

Hapa ndipo ndege ya mbao inapolipa. Glaida nzito ya faiba inazunguka mkondo kwa kilomita 90 au 100 kwa saa. Ka 6 inazunguka kwa 70, na kwa mlalo uleule duara lake linakuwa karibu nusu ya upana. Mkondo mwembamba, ule wa asubuhi ambao bado haujakomaa, wao wanaukosa pembeni, sisi tunakaa katikati yake. Wenzangu wawili wenye ndege za bei kubwa walikuwa chini yangu kwa robo saa nzima. Baadaye, mikondo ilipopanuka, walinipita moja kwa moja na sikuwaona tena hadi jioni. Hiyo ni haki yao. Lakini ninapomsikia kijana klabuni akisema hatajifunza chochote kwenye ndege ya mbao, namkatalia waziwazi. Mwendo mkubwa unafunika makosa ya kusoma hewa, maana mwenye kuteleza kilomita 45 kwa kila mita 1,000 anaweza kukosa mikondo miwili na bado akafika. Mwenye 30 anajifunza kutazama.

Nilikuwa nimepanga kwenda Großer Inselsberg, kwenye mgongo wa msitu wa Thüringen, kisha kurudi. Ni zaidi ya kilomita 50 kwenda. Upepo wa magharibi ulikuwa mgongoni, mawingu yamejipanga mistari, na nilikwenda toka tumbo la wingu moja hadi jingine bila shida. Mashariki ya Rhön unavuka palipokuwa mpaka wa Ujerumani mbili. Kutoka juu bado unaonekana: utepe wa vichaka na miti michanga unaopita katikati ya mashamba. Wazee wa klabu yetu wanakumbuka miaka ambayo kila safari iliishia hapo, lazima ugeuke, hata kama wingu zuri kuliko yote lilikuwa upande wa pili. Wakiona vijana wanavuka bila kutazama ramani, wananyamaza. Mimi nilivuka nikiwa mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, nikapita karibu na Meiningen kwenye bonde la Werra, nikaifuata milima hadi minara ya Inselsberg ikawa chini ya bawa.

Safari ya kurudi ilikuwa kazi. Upepo uleule sasa ulikuwa usoni. Mita 1,000 za kimo ambazo katika hewa tulivu zinakupa kilomita 30, zilikuwa zinanipa 20 na ushee. Ukijaribu kuisukuma Ka 6 ipite kilomita 120 kwa saa, inashuka vibaya, kwa hiyo hakuna njia ya mkato. Unapanda hadi kitakoni, unateleza kwa mwendo wa wastani, unapanda tena. Juu ya bonde la Werra mawingu yalikuwa yametoweka, kama inavyotokea mara nyingi juu ya mabonde mapana yenye unyevu. Nilishuka hadi mita 450 juu ya ardhi. Nilikuwa nimekwisha kuchagua mahali pa kutua, shamba la majani lililofyekwa karibuni, refu, limeelekea upepo, halina nguzo za umeme. Kutua shambani si ajali. Mwenye shamba anaombwa radhi, wenzako wanakuja na trela, mabawa yanachomolewa.

Ndipo nilipomwona mwewe. Rhön na kingo zake zina mwewe wekundu wengi, wenye mkia uliogawanyika pacha, na huyu alikuwa anazunguka juu ya ukingo wa kijiji, mahali mteremko uliotazama kusini unapokutana na mapaa. Hakupiga bawa hata mara moja. Nilimwendea. Nusu mita kwa sekunde, halafu moja. Alinitazama, akakaza duara lake, nami nikakaza langu, tukapanda pamoja, yeye ndani, mimi nje kidogo, mpaka alipochoka nami akaenda zake.

Kufuata ndege hai ni elimu ya zamani katika mchezo huu, na Afrika Mashariki ina sehemu yake kubwa ndani ya elimu hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, mwanasayansi Mwingereza Colin Pennycuick, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Nairobi kisha katika taasisi ya utafiti ya Serengeti, aliruka juu ya mbuga akiwa na glaida yenye injini ndogo ili awafuate tumbusi, korongo na wari. Ukimkaribia tumbusi na ndege ya kelele anakimbia. Ukiwa umezima injini na kuzunguka naye mkondo mmoja, anakuvumilia. Ndivyo ilivyojulikana kwa undani jinsi tumbusi wa Rüppell wanaolala kwenye majabali ya milima ya Gol wanavyofika mbali kuwafuata nyumbu wanaohama: wanapanda kwenye mkondo, wanateleza hadi mwingine, karibu bila kupiga bawa, na wanarudi vilevile. Ni safari yangu ya kwenda Inselsberg, ila wao wanaifanya kutafuta chakula. Tumbusi wa aina hiyo mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, katika kimo cha zaidi ya mita 11,000.

Ndege aliyoitumia Pennycuick ilikuwa ASK 14. Kaiser huyohuyo aliibuni Poppenhausen kwa kuitia injini Ka 6 ya toleo la mwisho, lile la E. Kwa maneno mengine, dada wa ndege niliyoikarabati alishazunguka na tumbusi juu ya Serengeti kabla mimi sijazaliwa. Nilipolijua hili nilimweleza kila mtu karakanani, hata wasiouliza. Na lipo jambo linaloniuma kidogo: nyumbani kwetu watu wachache mno wanajua kwamba anga letu linafaa sana kwa mchezo huu. Mweiga, karibu na Nyeri, kati ya Mlima Kenya na Aberdare, glaida zimerushwa kwa miaka mingi. Jua la ikweta, ardhi ya juu, mawingu yanayopanda kila siku ya kiangazi. Mtoto wa Arusha anayetazama tumbusi akizunguka saa sita mchana anaona somo zima la rubani wa glaida, bure.

Mkondo wa mwewe uliniinua hadi mita 1,800. Kutoka hapo nilihitaji mmoja mwingine tu kabla ya mgongo wa Rhön, nikaupata juu ya machimbo ya mawe. Nilifika Wasserkuppe na kimo cha ziada, nikakitumia kupita kwenye mteremko wa magharibi uleule wa akina Martens, kwenda na kurudi, upepo ukinibeba bila mzunguko wowote. Chini upande wa bondeni yalionekana mapaa ya Poppenhausen, na majengo ya kiwanda ambacho kimekuwa kikiunda glaida tangu 1927. Kisha nikafungua breki za hewa nikatua.

Wengine wanasema ndege ikishafanyiwa kazi kiasi kile ni vizuri kuihifadhi, itoke mara moja kwa mwaka siku ya maonyesho. Nawaelewa, na sikubaliani nao. Mbao iliyofungiwa haikaguliwi. Panya wanaingia, unyevu unalala, na hakuna anayegonga plaiwudi kwa ukucha. Ndege inayoruka inafunguliwa, inafutwa, inatazamwa kila asubuhi kabla ya safari na kukaguliwa rasmi kila mwaka. Tena, namba zile za penseli ziliandikwa na watu waliotaka ndege iende angani, na sijui namna nyingine ya kuwashukuru.

Kabla ya kuondoka mlimani niliingiza kioo na tochi kwenye tundu la shina la bawa la kushoto. Mstari wa gundi ulikuwa umebana, mweusi, mwembamba, toka mwanzo hadi mwisho. Nikampigia picha mjomba, akajibu kwa ujumbe wa sauti akitaka kujua mbao zile zinauzwaje huko na kama zinaingia maji ya chumvi.

Siku iliyofuata nilimpa ndege binti wa miaka 17 wa klabu yetu. Alikuwa anatafuta saa tano za mfululizo, zile zinazodaiwa kwa nishani ya fedha ya marubani wa glaida, na wengi wazee kwa vijana walikuwa wanamshauri achukue faiba. Yeye alikuwa amepiga msasa bawa la kulia karibu lote, akataka hii. Nilimkaza mikanda, nikaondoa bamba moja la risasi kwa kuwa yeye ni mzito kunizidi, nikashika ncha ya bawa, nikakimbia nayo mpaka ikanitoka mkononi. Alirudi jioni, saa tano na dakika kumi na mbili baadaye. Tuliisukuma ndege pamoja hadi kwenye trela, akiwa bado anaeleza mkondo alioupata juu ya Gersfeld na namna alivyokaa ndani yake wakati ndege mbili za faiba zimeshindwa.